Fungu la Sauti

Jua halijakolea. Katika chumba kisicho na dirisha, nyuma ya maabara ya hospitali, mwanamke aliyevaa sweta mbili anasikiliza mashine zikivuma. Kioo cha kompyuta kinamwambia seva ya nakala za akiba imejaa asilimia tisini na saba.

"Imeshiba hadi kooni," anasema, na kuvuta kiti.

Wenzake wanamwita Mama Akiba. Kazi yake ni kuigawa diski mafungu: la maabara, la wodi ya wazazi, la eksirei. Fungu likijaa, nakala zinakwama, na kompyuta ikifa wodini hakuna cha kurudisha.

Leo mkuu wa eksirei amemwahi. Mashine yao mpya inatoa picha nzito, na fungu lao limefurika.

"Dada, unaninyima huku umelalia mali. Zile video za kliniki ya koo nani anazifungua? Futa."

"Siwezi, kaka yangu. Wenyewe hawawezi kurekodi tena."

Ni video za wagonjwa wakiongea kabla ya kuondolewa koromeo na kupoteza sauti. Kompyuta ya kliniki iliungua. Nakala hii ndiyo pekee iliyobaki. Mwezi uliopita kijana aliyefiwa alikuja kumsikia mama yake. Siku ya kurekodi mama aliambiwa aseme lolote, akaishia kumgombeza mwanawe: "Wewe, funga mlango, mbu wanaingia."

"Yule kijana aliinuka akaufunga," anasimulia Mama Akiba taratibu. "Nikatazama pembeni."

Mkuu wa eksirei anaonyesha ile asilimia kiooni. "Na wagonjwa wangu je? Nao wana mama zao."

Hapo ndipo panapomuuma. Kwa miaka ameficha fungu moja tupu, pumzi ya mwisho: siku diski ikijaa kabisa, alifute, seva ipumue, apate muda wa kupanga upya. Anaandika amri, anasita, anabonyeza. Nafasi yake yote inahamia eksirei.

"Haya, umepata. Mimi sasa sina pa kukimbilia."

"Mungu akuweke, dada."

"Aniletee diski kwanza."

Ombi la diski mpya liko mezani kwa mganga mkuu. Zikifika, anasema, ataanza na zile video: nakala ya pili, jengo jingine, chini ya kufuli. Mpaka hapo atakuwa anawahi kila siku kutazama namba kabla wodi hazijaamka.

Anapotoka anauvuta mlango, kisha anausukuma kwa kiganja, kuhakikisha umefunga.