Kompyuta ya Jirani na Sauti ya Mama

Kampuni iliyotengeneza kompyuta ya jirani yangu imetangaza, kwa lugha ya msiba, kwamba kompyuta ya aina ile imefikia mwisho wa uhai wake, na aliye nayo anaombwa kuachana nayo. Jirani yangu alilisoma tangazo hilo kwenye kompyuta hiyohiyo. Kila anapoiwasha huigusa ubavuni, kama anayepima homa. Hushikilia kwamba kompyuta haizeeki, huzeeshwa na programu nzito, na kwamba muziki wa kwenye simu ni chai iliyoongezwa maji.

Jumapili dada yake alimletea kanda pekee yenye sauti ya marehemu mama yao. Utepe ulikuwa umechakaa, labda ungecheza mara moja tu. Jirani akaweka maikrofoni ya kompyuta mbele ya redio ya kaseti ili ainase sauti hiyo, akazima feni, kisha friji.

“Na maziwa yangu?” mkewe akauliza.

“Friji inanguruma, mke wangu. Vumilia kidogo.”

“Haya, daktari wa makopo.”

Jirani akabonyeza kitufe. Mama akaimba, sufuria zikigongana nyuma yake. Wimbo ulipoisha, utepe ukakatika. Jirani, ambaye husafisha kila mkwaruzo kwenye rekodi zake, hakufuta hata mlio wa sufuria moja.

Maziwa yaliharibika. Asubuhi mkewe aliosha vyombo huku kompyuta ikiucheza wimbo ule, akimwitikia mama mkwe ambaye hakuwahi kuonana naye.