Mlinganyo wa Mwalimu Alawi

Miaka ya hamsini, Bagamoyo nzima hapakuwa na mtu aliyejua habari za moto kumpita Mwalimu Alawi, na mwenyewe hakuficha. Alirudi kutoka chuoni na kalamu ya wino kifuani na somo moja alilolipenda kuliko chakula: kusawazisha milinganyo ya kuungua. Kilichoingia motoni, aliwaambia wanafunzi, ndicho kitakachotoka. Haipotei atomu hata moja. Kaboni ikipata hewa tele, kila atomu hujitwalia oksijeni mbili. Hewa ikiwa haba hupata moja tu, na hapo huzaliwa gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Mtoto aliyekosea upande mmoja alikula bakora.

Bingwa huyo, akifika nyumbani, alinywea mbele ya mama yake, Bi Mwanamkasi. Mkewe Zuleha alipojifungua, bibi alimfungia chumbani kama ilivyo ada ya mzazi: jiko la mkaa chini ya kitanda cha kamba, dirisha limezibwa kwa matambara, upepo usimwingie. Zuleha akalalamika kwamba kichwa kinamgonga na moyo unamchafuka. Bi Mwanamkasi akasema ni uchovu wa uzazi, akaongeza mkaa.

Alawi alisimama ukumbini akausawazisha ule moto kichwani. Kaboni mbili, jozi moja ya oksijeni, sumu. Jibu lilikuwa sahihi. Akakohoa, akaita, "Mama."

"Unasemaje, mwanangu?"

"Nilikuwa nauliza kama chai ipo."

Mtu mzima na ndevu zake! Chai akapewa, akainywa, akaenda zake shule kufundisha. Elimu bila amali ni kama nta bila asali, na huyu nta alikuwa nayo tele.

Zuleha alijiokoa mwenyewe. Macho yalipoanza kuingia giza alimkumbatia mtoto, akajiburura mpaka mlangoni, akaanguka uani. Majirani wakawapepea. Mtoto alikuwa amelegea, akachelewa kulia hata wanawake wakaanza kumtaja Mungu. Mwisho akalia.

Jioni Zuleha alikuwa amelazwa mkekani pale uani, kaka yake Majaliwa amekuja kumjulia hali. Alawi akaona sasa ndipo pa kuonyesha ujuzi. Alichuchumaa, akachora mchangani kwa kidole, upande wa kushoto na wa kulia, akaeleza jinsi hewa ilivyopungua na kwa nini dirisha lilipaswa kuwa wazi. Tuseme haki, alieleza vizuri. Alipofika mwisho alitabasamu, maana pande zote mbili zilikuwa sawa.

Zuleha alimsikiliza mpaka akamaliza. "Haya umeyajua leo, Mwalimu?"

"Leo? Nimeyajua tangu chuoni," akajibu Alawi kwa fahari.

Zuleha akamfunga mtoto vizuri ndani ya kanga, akamnyoshea kaka yake mkono amwinue.

"Twende Kaole kwa baba," akasema.