Bunduki Aliyoichagua Baba

Enzi zetu kule Cheptiret, mwizi alikuwa anakuja mchana, amechana nywele. Nyinyi wa rika langu mnajua ninachosema. Wakati wa mavuno, mahindi yakiwa yameanikwa kwenye turubai uwanja mzima, sisi watoto ndio tulikuwa askari. Tulifukuza kuku, tukachunga mawingu ya upande wa Nandi, na matone ya kwanza yakianguka tulikunja turubai kwa mbio ambazo vijana wa leo, wanaohema wakipanda ngazi za ghorofa moja, hawawezi kuziamini. Malipo yetu yalikuwa mahindi ya kuchoma na kikombe cha mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye harufu ya mkaa, ambayo siku hizi nayaona dukani kwenye chupa za plastiki kama dawa ya kikohozi.

Mwaka mmoja wezi walizoa ghala zima la jirani wetu wa ng'ambo ya mto. Watoto wa boma lile walikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Baba yangu aliogopa, na hakuficha. Mahindi ndiyo yalikuwa karo yetu, chumvi yetu na viatu vyetu. Yakienda, na sisi tumekwenda. Basi jioni moja akatangaza kwamba atanunua bunduki.

Hapo ndipo raha ilipoanza. Kila siku ilikuwa bunduki. Baba alizichora kwa fimbo kwenye udongo: hii ya mitutu miwili, ya kutawanya risasi, ile ndefu, inayofika mpaka barabara ya lami, na bastola, ambayo aliidharau kabisa, kwa sababu alisema mtu hawezi kulinda ng'ombe kwa kitu kinachoingia ndani ya soksi. Rafiki yake Mzee Barno, aliyewahi kulinda benki mjini Eldoret, alikuja kutoa ushauri na kumaliza chai yetu. Baba akachonga hata bunduki ya mti ili apime kama ile ndefu itapita mlangoni bila kugonga. Mimi na dada yangu mkubwa Chebet tuliiiba tukachezea vita mpaka ikavunjika.

Mama alisikiliza hayo yote huku akichambua mboga za managu. Hakuwa mtu wa kubishana. Aliuliza maswali tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Itakuwa inakaa wapi?"

"Kwa sanduku ya chuma," Baba akajibu. "Serikali haitaki ikae ovyo."

"Na kifunguo?"

"Kwa mfuko yangu."

"Na ukienda kanisa?"

Baba akakohoa. Mzee Barno akachungulia kikombe chake.

"Basi hiyo bunduki itakuwa inalinda sanduku," Mama akasema, akaendelea na mboga zake.

Yeye silaha yake ilikuwa nduru, lile yowe la kuita msaada. Wenzangu, mnaikumbuka nduru? Boma likiisikia lilikuwa na kazi mbili: kuipokea, yaani kuipiga pia ili ifike mbele, halafu kukimbia kule ilikotoka. Hakuna aliyeuliza kwanza kuna nini. Uliacha chungu motoni ukaenda. Mama alitufundisha nyuma ya zizi. "Usilie kama mtoto ameanguka," alisema. "Itoe kwa tumbo."

Jumapili moja Chebet aliachwa nyumbani na matumbwitumbwi, mashavu yamejaa hadi hawezi kufungua mdomo vizuri, nami nikaachwa nimwangalie. Wengine wote walikwenda kanisani. Ibada ikiwa katikati, pikapu ikaingia uwanjani. Wakashuka wanaume watatu wenye tai, wakatusalimia kwa upole na kutupa peremende.

"Tumenunua mahindi ya baba yenu," mmoja akasema. "Ametuambia tupakie tu, tutaonana naye hapo kanisani."

Walikuwa wamejipanga vizuri, ila hawakumjua Baba. Kwetu viazi vya Jumapili vilimenywa Jumamosi, na viatu vilipakwa rangi Jumamosi. Baba asingeuza hata yai siku ya Bwana. Chebet alinitazama, akanielekezea zizi kwa kidole.

Dada yangu, na mashavu yake yale, aliwakaribisha wakae, akaleta kibuyu kikubwa kuliko vyote. Mgeni anayekataa maziwa kwetu anajitangaza kuwa hana nia njema, kwa hiyo wakanywa, haraka haraka, mpaka midomo ikawa nyeupe. Mimi nikazunguka nyuma ya zizi.

Nduru ya kwanza ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. Nikakumbuka tumbo. Ya pili hata ng'ombe walishtuka. Nikavuta pumzi nipige ya tatu, huku nikiwasikia wale wanaume wakipakia magunia mbio. Halafu, kule chini, ikapokelewa. Ilikuwa sauti ya Mama Nekesa, muuza mboga aliyehamia kutoka upande wa Bungoma. Yeye alisali Jumamosi, kwa hiyo Jumapili alikuwa katikati ya kabichi zake. Baada yake ikapokelewa tena, na tena, mpaka kanisani, na nyimbo zikakatika.

Ndugu zangu, sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Kanisa zima lilipanda kilima cha kuja kwetu. Kina mama wamevua viatu wamevishika mkononi, kwaya na majoho yao, mchungaji mbele akiwa na Biblia, na Mama yangu akimkaribia. Njia ilijaa watu kutoka ua hadi ua. Pikapu haikuwa na pa kupita. Mchungaji hakuruhusu mtu aguswe. Aliwaamuru wale mabwana wa tai warudishe kila gunia ghalani, halafu wakae kwenye nyasi, naye akamalizia mahubiri yake hapo hapo uwanjani mpaka polisi walipofika. Sadaka ilikusanywa, na wao pia walitoa.

Jioni Mzee Barno akauliza kama Baba ameshachagua bunduki. Baba akanivuta karibu.

"Nimepata," akasema. "Ila hii yangu imeng'oka meno mawili ya mbele."

Sijawahi kupewa cheo kikubwa kuliko hicho.

Leo naishi Elgon View, mtaa wa wenye pesa mjini Eldoret. Juzi walivunja nyumba ya jirani, na kijana wangu Kiprop ameanza kunionyesha bastola kwenye simu.

"Mathe, hii ni ndogo, inatoshea hata kwa drawer ya kitanda."

"Huyo jirani aliyevunjiwa anaitwa nani?" nikamwuliza.

"Si ni ule wa gate nyeusi?"

Tuna ukuta, waya wa stima na kamera kila kona. Nilifungua dirisha, nikavuta pumzi hadi tumboni, nimwonyeshe kijana silaha yenyewe. Kisha nikalifunga polepole. Kule Cheptiret sikuwahi kujiuliza kama kuna mtu atakayekuja.