Tuliziba dari ya chumba cha mzazi kwa nguo za mitumba (Saint Paul, miaka ya tisini)

Wakuu, habari za huko mliko.

Juzi kuna mtu aliuliza humu namna ya kuzuia baridi kwenye nyumba ya zamani Marekani, mkamjibu kwa mzaha kwamba avae makoti mawili. Nilicheka nanyi, kisha kicheko kikanikauka. Mimi ninacho kisa cha dari. Siongezi chumvi, waliokuwepo wapo hai, na wawili kati yao wanasoma humu. Nikikosea watanisahihisha.

Nilikuwa mwanafunzi, nakaa Saint Paul, jimbo la Minnesota, kwa dada yangu Mwanaidi na mumewe, Shemeji Athumani. Sisi ni watu wa Tanga, Shemeji ni wa Mombasa. Alikuwa akikusanya nguo za mitumba na kuzituma nyumbani kwa kontena, kwa hiyo basement yetu, chumba cha chini ya nyumba, ilijaa magunia mpaka ukienda kufua unapita kiubavu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, moja kati ya nyumba zilizojengwa kwa safu, ukuta wangu ndio ukuta wako. Matofali mekundu, ngazi nyembamba, na juu kabisa chumba kimoja chini ya paa. Huko ndiko alikokaa dada baada ya kujifungua, kwa sababu ndicho chumba pekee kilichokuwa na utulivu. Mama alikuja kutoka Tanga kumlea mzazi.

Shida ilikuwa dari.

Joto lote la nyumba lilipanda ngazi, likafika chumba kile, likapenya kwenye nyufa na kwenda zake angani. Badala yake ilishuka baridi. Ukisimama kitandani na kuinua kiganja unaihisi, nyembamba, ya kimya, kama mtu anayekupulizia akiwa amejificha. Na chini ya pumzi hiyo amelala mtoto mchanga.

Kulikuwa na shida ya pili, nayo ilikuwa jirani.

Nyuma ya ukuta wa kushoto alikaa bibi mmoja wa Kizungu, mjane, nitamwita Doris. Mama alikuwa akimfukizia mzazi udi asubuhi na jioni. Sasa wakuu, kwenye zile nyumba za safu, kati ya dari na paa kuna uwazi, wenyewe wanauita attic, na kwetu uwazi ule haukuwa na ukuta wa kutenga nyumba na nyumba. Ni pango moja linalopita juu ya vichwa vya wote. Udi wa Mama ulipanda kwetu ukamshukia Doris chumbani kwake.

Alikuja kulalamika kwa adabu. Akaja tena, adabu imepungua. Kila mara Shemeji alimwomba radhi na kumshikisha sahani ya pilau au mahamri. Ndivyo tulivyolelewa: mtu akija mlangoni na uso umekunjamana, unampa chakula. Sahani zilirudi zimeoshwa. Malalamiko nayo yalirudi.

Halafu kulikuwa na king'ora cha moshi pale juu ya ngazi. Mama akifukiza tu, kinalia. Tukakitoa betri. Waliokaa majuu najua mnatikisa vichwa. Nani hakutoa?

Basi tukaamua kuziba. Tutamkinga mtoto na tutamnyamazisha Doris.

Tulipanda mimi na Shemeji kupitia kifuniko kidogo cha dari ya korido, tochi mdomoni. Ncha za misumari zilitokeza kwenye mbao za paa, kila moja imevaa kofia ya barafu. Tulitambaa juu ya boriti kwa magoti, maana ukikanyaga katikati unatokea chumbani kwa watu. Tulianza na povu la kopo, lile linalovimba na kuganda: kila ufa, kila tundu la waya, kila pembe. Kisha tukatandaza ile pamba ya kioo ya kuzuia baridi, ya rangi ya waridi, inayokuwasha mpaka kwenye kope. Nilifanya kazi ile kwa mapenzi. Kila tundu nililoziba niliona kama nimemfunika mpwa wangu shuka moja zaidi.

Pamba ilituishia karibu na bomba.

Bomba hili lilikuwa la bati, limetoka kwenye furnace, yaani mashine ya gesi ya kupasha nyumba joto, likapanda kutoka basement mpaka juu ya paa kutoa moshi wake. Kulizunguka, sehemu yenye ukubwa wa mkeka wa sala, palibaki patupu. Na redioni walikuwa wakitangaza baridi kali inakuja.

Shemeji akashuka. Akarudi anakokota gunia la nguo za kontena.

Nilimkumbusha kwamba muuzaji dukani alituambia tuache nafasi kuzunguka bomba.

"Shem, wewe umesoma mpaka umekuwa mwoga," akaniambia. "Lishike."

Nikalishika. Lilikuwa baridi kama kisu. Tulisahau kitu kimoja tu: tulikuwa tumezima furnace ili tufanye kazi.

"Umeona? Hili bomba lenyewe linahitaji sweta."

Tukacheka. Tukalizungushia mashati, magauni, suruali za watoto, tukashindilia mpaka pakajaa. Tukashuka, tukawasha furnace, na jioni ile chumba kikawa na joto ambalo hakikuwahi kulijua. Mama alituombea dua ndefu. Siku chache baadaye nilikutana na Doris akikwangua barafu kwenye kioo cha gari, akaniambia ahsante, nyumba yake haina tena harufu.

Ikafika arobaini ya mtoto.

Kama hamjui baridi ya Minnesota, siku ile mate yangegandia hewani. Lakini watu walikuja. Walitoka Cedar-Riverside, walitoka Hopkins, mmoja alitoka Eden Prairie na familia nzima kwenye van. Wanaume sebuleni wakisoma, wanawake jikoni, kwenye ngazi na chumba cha juu kwa mzazi. Viatu vilirundikana mlangoni kama mnadani. Kila mgeni akiingia anaingia na bonge la baridi, na furnace haikupumzika. Tuliisikia chini ikinguruma bila kukata, nasi tukaisifu.

Udi ulikuwa umejaa nyumba nzima. Mtoto alikuwa hajatolewa nje tangu aletwe kutoka hospitali. Mama alikwishapanga: kisomo kikiisha, atamfunika vizuri na kumwonyesha mlango, basi, arudi ndani.

Katikati ya kisomo kengele ikalia. Doris. Anasema ananusa moshi.

Shemeji hakumwacha amalize. Alimwomba radhi, akamweleza ni sherehe ya mtoto, akaitisha sahani. Biriani, kuku juu yake. Akamshikisha mikononi, akafunga mlango taratibu, akarudi kukaa akitabasamu kama mtu aliyemaliza kazi.

Haukupita muda kengele ikalia tena. Safari hii nikaenda mimi.

Doris alikuwa amesimama kwenye theluji na ndara za ndani, hana koti. Sahani alikuwa nayo bado, hajaigusa. Midomo inamtetemeka.

"Kijana, nisikilize wewe," alisema. "Tangu mzibe, sijanusa kitu chenu hata siku moja. Sasa huu moshi umepita wapi?"

Wakuu, swali lile lilinirudisha kule juu, kwenye boriti. Kila tundu niliziba mimi. Udi wa Mama hauna tena njia ya kupanda. Moshi ulioko kule juu haujatoka kwetu chini. Umezaliwa kule kule.

Nilipanda ngazi nikipenya kati ya kina mama, nakanyaga madera, naambiwa sina adabu. Nikafika chumbani. Dada amekaa kitandani ananyonyesha, wageni wamemzunguka. Nikatazama dari, pale lilipopita bomba.

Rangi nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Nikainua kiganja, kama nilivyozoea kupima baridi. Nikakirudisha haraka.

"Dada, shuka. Sasa hivi."

Mama akasimama mbele yangu. Mimi ni kijana wake, lakini kwenye chumba cha mzazi mwenye amri alikuwa yeye.

"Ashuke aende wapi na kichanga? Nje huko kunakata masikio."

Nikamwonyesha dari. Hakuitazama. Alikuwa ameogopa baridi majuma yote yale, baridi ndiyo aliyoijua kuwa adui, na sasa namwambia amtoe mtoto akamkabidhi kwa adui. Alinishika kifua kwa mkono mmoja. Nilianza kufikiria jambo ambalo sikuwahi kulifikiria, kumsukuma mama yangu.

Dari ikalia. Sauti ndogo, kama mtu anayevunja kashata.

Mama akatazama juu. Ile rangi ya chai ilikuwa imepasuka katikati, na kwenye ufa palionekana uzi mwekundu unaopumua. Kwa kweli ulikuwa unapumua, unang'aa na kufifia.

"Nipe mtoto," Mama akamwambia dada.

Ngazi zilikuwa zimejaa watu, hakuna anayeweza kushuka. Basi Mama akamvika mtoto kanga yake mwenyewe, akampa mwanamke wa kwanza, naye akampa wa pili. Mtoto alishuka mkono kwa mkono, kila aliyempokea akitamka Bismillahi na kumpitisha, mpaka chini mlangoni. Dada akafuata. Kisha wote.

Mgeni mmoja alishapiga simu 911, namba ya dharura. Shemeji alikuwa chini ya kile kifuniko cha korido, amebeba kiti, anataka kupanda kuchomoa nguo kwa mikono. Yule aliyepokea simu huko 911 alikuwa amesema watu wote watoke na kifuniko kisiguswe, kikifunguliwa moto utapata hewa. Tulimvuta wawili. Alikuwa anarudia, "Nizitoe tu, shem. Nizitoe tu."

Nje watu walisimama na viatu visivyo vyao. Mama, dada na mtoto waliingia kwenye van ya Eden Prairie, ikawashwa hita. Doris naye Mama alimvuta ndani kwa mkono, hawajui lugha moja, akamfunika nusu ya shali. Majirani wa safu nzima walikuwa wameshatoka, kila mmoja anatazama paa lake.

Wazimamoto walipanda na ndoano zao ndefu. Kupitia dirisha la juu tuliona dari ikishuka. Ilishuka yote kwa pamoja, plasta, pamba na nguo zinazowaka chini kwa chini, ikaangukia kitanda. Kisha maji.

Hakuna aliyeumia. Moto haukuvuka kwenda nyumba ya pili.

Baadaye walituruhusu kuingia kidogo. Kwenye mto wa mtoto palikuwa na kipande cha plasta kizito ambacho Shemeji alikiinua kwa mikono miwili. Kisha akashuka nacho mpaka kwenye van, akakiweka kwenye theluji mbele ya Doris, akafungua mdomo kumshukuru. Doris akashuka, akamkumbatia.

Mafunzo ni haya, wakuu. Kuziba dari ni jambo jema, lakini bomba la moto liachie nafasi yake, na kamwe usilipime furnace ikiwa imezimwa. King'ora kikikusumbua, hamisha chetezo, usitoe betri. Na jirani akija kulalamika, kabla hujaenda jikoni kumpakulia, mwache amalize sentensi.

Nyinyi mliokaa kwenye baridi, mlizibaje? Semeni hapo chini, hata yale ya aibu.

Ila kama kuna mtu anasoma huu uzi, na sasa hivi juu ya kichwa chake kuna nguo zimezungushiwa bomba, aache kusoma. Amtoe mtoto kwanza.