Tuliitika Wawili

Usiniulize kama nilikuwa nimekunywa. Sinywi. Usiniulize pia kama nilikuwa nimechoka, au kama ni vumbi lililoniingia machoni, maana hayo yote nimeshaulizwa na watu wanaojiona wana akili, na nimewajibu vibaya. Nilichokiona nilikiona kabla giza halijaingia, kwa macho yangu haya, na mama yangu akiwa ameketi kando yangu. Kama huamini, acha kusoma hapa uendelee na shughuli zako. Mimi sibembelezi mtu.

Kwanza uelewe habari ya jina. Kwetu Wakikuyu, mtoto wa kiume wa pili hupewa jina la baba ya mama yake. Mimi ni wa pili. Kwa hiyo nimebeba jina la babu yangu wa Gakindu, kijiji alikozaliwa mama, na mama hawezi kulitamka hivi hivi kana kwamba anaita mtoto wa jirani, kwa sababu ni jina la babake. Ananiita Baba. Ameniita hivyo tangu ninanyonya. "Baba, umekula?" "Baba, vaa sweta." Shuleni walinicheka, nikapigana, wakazoea. Siku hizi natengeneza friji pale Majengo, Nyeri, na hata wateja wakimsikia mama akiniita hivyo mlangoni hawageuzi shingo.

Huyo babu mwenyewe alikuwa dereva wa lori. Alikuwa akipeleka unga na sukari Marsabit, na mbele ya Marsabit, hadi jangwa la Chalbi, enzi ambazo ukishapita Isiolo lami ilikuwa imekwisha. Safari moja hakurudi. Lori pia halikurudi. Baadaye watu wakaleta maneno Gakindu kwamba ameoa huko, ana watoto wengine na ngamia. Nyanya yangu aliyaamini maneno hayo, na kwa uchungu wake akawakataza watoto kutamka neno baba ndani ya nyumba yake. Mama alikuwa mdogo, wa kuchuma kahawa kwa kikapu kidogo. Mimi nilikua namchukia huyo mzee hata kabla sijajua kusoma. Nani anapenda kubeba jina la mtu aliyewatoroka watoto wake?

Sasa, mimi mwenyewe nilikuwa nimepanga kwenda Chalbi kufanya nini? Kutembea. Ni hivyo tu, naomba usinitafutie sababu nyingine. Rafiki yangu Wekesa, mwalimu aliyetoka Bungoma na ambaye amefundisha Nyeri hadi amejua kusalimia wazee kwa Kikuyu, ndiye aliyeanza. Alikuwa na gari lake la kupanda milima, mimi nilikuwa nimepata pikapu ya milango minne, na wenzetu wengine walikuwa na magari yao. Tukasema mwaka huu tutaenda jangwani, tulale kwenye hema, tuendeshe pale kwenye ule uwanda wa chumvi usio na mwisho. Hakuna kati yetu aliyewahi kuendesha gari mchangani. Tulianzisha kundi la wasap na tukabishana humo usiku na mchana: maji jerikeni ngapi, spea za magurudumu, kamba ya kuvutana, sepeto, mbao za kuweka chini ya tairi ikizama. Wekesa alikuwa amejifunza kila kitu kwenye video na alitufundisha kwa ile sauti ya darasani. Nilimvumilia.

Nilimwambia mama jioni moja akichambua maharagwe. Mikono yake ikasimama.

"Chalbi?"

"Ndiyo, mama. Ni kutembea tu."

"Baba, watu hutembea Mombasa."

"Mombasa nilishaenda."

"Huko unaenda hakuna mtu yako," akasema, kisha akarudi kwa maharagwe yake na hakuniongelesha tena hadi usiku ule ukaisha.

Lakini aliposikia kwamba Jumamosi tunaenda kufanya mazoezi upande wa Naro Moru, alikuwa wa kwanza kuvaa viatu. Ati ana viazi za kununua. Mama, viazi ziko Nyeri. Ati za Naro Moru ni kubwa. Basi nikamweka kiti cha mbele, tukaenda, Wekesa akitangulia na gari lake.

Kama unajua Kieni, unajua kwamba ukishaiacha ile barabara kubwa pale Naro Moru na kushuka upande wa magharibi, mlima unaiba mvua yote na kukuachia vumbi. Kuna njia moja huko ina vumbi laini kabisa, gurudumu linaingia nusu. Wekesa alisema ndilo la karibu zaidi na mchanga tutakalopata. Tulitoa upepo kwenye magurudumu ili yalale na yashike, tukaenda mbele, tukarudi nyuma, nikazama, nikachimba, nikaweka mbao, nikatoka. Nilifurahi, nakubali. Mama alibaki amekaa kwenye jiwe, viazi zake zikiwa kwenye gunia, akitutazama.

Jua lilipoanza kwenda chini Wekesa alisema anatangulia kituo cha mafuta Naro Moru kujaza upepo, maana huwezi kurudi Nyeri kwa lami na magurudumu yamelegea vile. Akaondoka. Mimi nikarudi nyuma kuokota mbao nilizokuwa nimeziacha kwenye shimo. Ni hapo nilipomsikia mama akiita kutoka kwenye gari.

"Baba! Baba, njoo twende, baridi imeingia!"

"Nakuja!" nikajibu.

Nilipofika, kulikuwa na mzee kwenye kiti cha nyuma.

Sikushtuka. Kwa nini nishtuke? Mama humpakia kila mtu. Nilidhani ni mzee wa hapo Kieni anayeomba kufikishwa barabarani. Alikuwa na koti la kaki la zamani na kofia mkononi, na amejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Nilitupa mbao nyuma, nikamwamkia, nikawasha gari. Nilikuwa nimeshaendesha kidogo ndipo kitu kikaanza kunisumbua. Vumbi la Kieni ni jekundu. Nilikuwa nalo kwenye nguo, kwenye meno, kila mahali. La huyu mzee lilikuwa jeupe kama chumvi.

"Umetoa upepo kidogo sana," akasema. "Hivyo huko utazama."

Unajua jinsi inavyokera kufundishwa na mtu uliyempa lifti? Nilikuwa nimefundishwa na Wekesa siku nzima. Nikamgeukia mama nimuulize kwa pembeni huyu amemtoa wapi. Mama alikuwa anatazama mbele, mikono imekaza kwenye magoti, machozi yanashuka na hayafuti.

"Mama, huyu ni nani?"

"Ni Baba," akasema. Lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya kitoto, nyembamba, ya mtu anayeogopa kuchapwa kwa kusema neno.

Nilisimamisha gari katikati ya njia. Wengine watakwambia waliingiwa na baridi, nywele zikasimama. Mimi niliingiwa na hasira, na naapa sijawahi kukasirika vile kabla wala baada. Nilimwangalia kwenye kioo. Pua ilikuwa yangu. Masikio yalikuwa yangu. Hata ile namna ya kukunja mdomo, ambayo watu huniambia natisha wateja nayo, ilikuwa imekaa pale kwenye kiti changu cha nyuma, kwenye uso wa mtu ambaye haiwezekani awe hai hadi leo.

"Shuka," nikamwambia.

"Aliyeniita si wewe."

"Nimesema shuka kwa gari yangu!"

"Kijana, aliyeniita si wewe," akarudia, polepole, bila ubaya wowote, na huo upole ndio ulionichoma zaidi. Nikamwambia yote. Nikamwambia nyanya alikufa akiangalia njia huku akisema haangalii. Nikamwambia mama aliacha shule. Nikamuuliza hao ngamia wako hawajambo? Nikamuuliza alikuwa wapi.

"Nilikuwa nangoja," akasema. "Hakuna mtu aliita."

Mama akageuka. Kwa mara ya kwanza akamtazama.

"Tulikatazwa," akamwambia. "Mama alitukataza. Nilingoja hadi nikapata wangu, ndiyo niite."

Nisikilize vizuri hapa. Nilikuwa mtu mzima, nina duka langu, na ndani ya gari langu mwenyewe nikajua kwamba lile neno halikuwahi kuwa langu. Kila "Baba, umekula", kila "Baba, vaa sweta", alikuwa akiita mtu mwingine, akipitia kwangu kama mlango. Na mimi nilikuwa naitika! Niliitika kwa furaha!

Yule mzee akafungua mlango, akashuka, akazunguka hadi upande wa mama. Akafungua mlango wake pia.

"Twende," akamwambia. "Lori yangu iko hapo mbele tu."

Hapo mbele hakukuwa na lori lolote. Kulikuwa na mimea ya miiba na jua likizama. Lakini mama alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje, na mzee alikuwa amemshika mkono wa kushoto. Nikamshika wa kulia. Nilimshika kwa nguvu, sikujali kama namuumiza, nilijua nikimwachilia sitamwona tena. Huyu mtu alikuwa amemwacha akiwa mtoto, na sasa anakuja kumchukua akiwa mzee, wakati nimeshamtunza mimi, nimempeleka hospitali mimi, nimemnunulia hata hivyo viatu alivyovaa! Tukavutana. Nakwambia tulivutana kweli, mkono wa yule mzee ulikuwa na nguvu za mtu aliyebeba magunia.

Mama akafumba macho.

"Baba," akasema, "niache."

Mkono wangu ukafunguka. Sikuufungua. Ulifunguka wenyewe, jinsi ulivyozoea kutii sauti ile. Na wa mzee pia ukafunguka, wakati ule ule. Mama akabaki hajashikwa na mtu, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Kisha akavuta mguu ndani na kufunga mlango mwenyewe.

Mzee akavaa kofia yake. Akatembea kuelekea kule kwenye miiba, na nilipopepesa macho kulikuwa na miiba tu. Niligeuka kuangalia kiti cha nyuma, nikitaka angalau vumbi lake, kitu cha kumwonyesha mtu. Kiti kilikuwa kisafi, na hilo pia liliniudhi.

"Mama," nikasema, "ulikuwa unamwambia nani akuache? Mimi au yeye?"

Akaniita kwa jina langu la kitambulisho. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo maishani.

"Endesha gari," akasema.

Sasa hasira ya pili, na hii ni ya Wekesa. Tulipomfikia kwenye kituo cha mafuta, kabla sijafungua mdomo, aliinama dirishani na kuuliza, "Bana, yule mzee mmemshukisha wapi? Si nilipishana na yeye pale kwa kona akikuja kwenu." Hayo ni maneno yake, neno kwa neno. Lakini nilipoeleza wenzetu kwa nini siendi Chalbi tena, wakaanza kucheka, naye akaandika kwenye kundi kwamba yeye hakuona mtu, na kwamba jamaa ameogopa mchanga. Nilitoka kwenye lile kundi. Walienda, wakarudi, wakaweka picha. Mwalimu mzima! Nikikutana naye mjini navuka barabara.

Hilo la Wekesa nitalisahau siku moja. La mama sitalisahau. Anapika, anaenda kanisani, ananiuliza habari za duka. Lakini ananiita kwa jina la kitambulisho, kama chifu anayesoma majina barazani. Nimemwomba. Nimemgombeza hata. Ananitazama kwa huruma na kuniambia chakula kitapoa. Na lile swali langu hajalijibu mpaka leo, wala yule Baba mwingine hajamwita tena, angalau si mbele yangu.

Kwa hiyo wewe unayepanga safari yako ya kwanza jangwani, unayehesabu jerikeni na kubishana juu ya upepo wa magurudumu, mimi sikukatazi, nenda. Lakini kama umebeba jina la mtu ambaye hakuna anayejua kaburi lake, usiende na anayekuita kana kwamba anamwita yeye. Na popote ulipo, hata nyumbani, hata jikoni, ukiitwa usikimbilie kuitika. Geuka kwanza umwangalie anayekuita, uone macho yake yako wapi. Mimi niliitika maisha yangu yote bila kugeuka.