Laki Moja na Tatu

Mama mkwe alivuka na kivuko cha Kamanga Jumamosi asubuhi, na mimi nilijua kilichomleta. Wiki hiyo alikuwa amempigia simu mume wangu, sauti yake ikasikika hadi jikoni: "Nyumba yenu ni kubwa, inagawanyika. Mlete mwingine upande wa pili, upate watoto." Mume wangu alimjibu, "Njoo tuongee, mama." Jibu hilo lilinichoma kuliko maneno yenyewe.

Nikampa shikamoo na kiti barazani, nikaanza kuparua magamba ya samaki, sato. Mume wangu angerudi kutoka kazini jioni. Mama mkwe akaomba ungo, achambue mchele.

Binti wa kaka yangu, tunayeishi naye, yuko darasa la sita. Alikuwa sakafuni na chaki, akihangaika na swali la shule. Ghafla akapaza sauti: "Shangazi, kila nikigawa inabaki! Hii ni tasa tu."

Ungo ukatulia. "Nani tasa?"

Miaka yote neno hilo lilizungukwa nyumbani kwetu. Watu walisema "bado", walisema "Mungu hajapenda". Sasa limetua katikati ya baraza. Nilitaka kukasirika, nikajikuta nacheka.

"Namba, mama. Laki moja na tatu. Namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, shuleni wanaiita tasa."

"Mmejaribu zote?"

Hapo nami nikashikwa. Mimi kitu nisichokijua kinaniwasha. Nikanawa mikono, nikachuchumaa. Kwa tatu, haiingii. Kwa saba, ikabaki moja. Kwa kumi na moja, mbili. Mama mkwe akasogeza kiti. "Endeleeni, msikate tamaa, itapata tu," akasema, maneno yale yale aliyokuwa akiniambia nilipoolewa. Yeye aliomba igawanyike. Mimi, Mungu anisamehe, niliomba igome.

Baraza likajaa chaki, samaki wakasahaulika. Tulipofika mia tatu kumi na tatu, mtoto akaweka chaki chini. "Basi. Kupita hapo, namba kubwa ikigawa, mwenzake lazima awe mdogo, na wadogo tumeshawajaribu wote. Ni tasa."

"Maskini," akasema mama mkwe. "Sasa ina faida gani?"

"Bibi! Nyingine zote zinatokana na tasa. Sita ni mbili mara tatu. Thelathini na tano ni tano mara saba. Tasa zisingekuwepo, hizo zingetoka wapi?"

Mama mkwe akaiangalia sakafu, akaniangalia mimi. "Aliyezipa jina hilo," akasema, "hakuuliza vizuri."

Nikarudi kwa samaki. Sikujua kama alikuwa anazungumzia namba tu.

Jioni tukala. Mume wangu alikuwa hataki kukutana na macho yangu. Mwisho akakohoa. "Mama, lile jambo lako la nyumba?"

"Nyumba hii?" akasema mama mkwe. "Tumejaribu mchana kutwa. Haigawanyiki."

Akanisogezea bakuli nimwongezee mchuzi.