Siku Nilipoita Papa-Maman

Sikuwa nimekunywa, sikuwa na malaria, na haikuwa usiku. Naanza na hayo kwa sababu ndiyo watu huniuliza kabla hata sijafika katikati. Ilikuwa saa tisa mchana, hapa Bukavu, kwetu Kadutu, mvua ikipiga mabati, na mimi nikiwa na akili zangu zote. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, nisikilize tu hadi mwisho, maana jambo hili linaweza kukufikia mlangoni kwako.

Nikiri kwanza mimi ni mtu wa namna gani. Siwezi kufanya kitu nusu. Nikiandika barua nikakosea herufi moja, naichana yote. Usiku wa kabla ya mtihani situlii, natapika. Basi nikiwa na miaka kumi na saba nilitaka kitu kimoja tu duniani: kupiga tambour, ile ngoma ndogo inayoning'inia kiunoni na kupigwa kwa vijiti viwili, katika fanfare, bendi ya shule yetu. Fanfare ilipopita barabarani siku za sikukuu, wenzangu walitazama trompeti zinavyong'aa. Mimi nilitazama mikono ya wapiga tambour.

Kiongozi wa fanfare, ambaye wote tulimwita Chef, hakuwa na subira na wanaoanza. Alipokea wale waliokwisha kujua. Sasa utajuaje bila kufundishwa? Nilichonga vijiti vyangu kwa mti wa mpera, na kila siku ya mazoezi nikasimama nje, nyuma ya ua wa shule, nikisikiliza. Kisha nilirudi nyumbani mbio kabla masikio hayajasahau.

Jirani yangu Bisimwa alikuwa tayari ndani ya fanfare, na hakuniachia nafasi ya kupumua.

"Weye, tambour ya ku mulango!" alinipigia kelele akiniona pale uani. "Siku moya watakupatia medali ya kusikiliza!"

Somo la kwanza la tambour ni mvumo. Mapigo mawili kwa mkono wa kuume, mawili kwa wa kushoto, polepole, kisha haraka, mpaka yaungane. Ili wanafunzi wasichanganye mikono, Chef aliwapa maneno aliyopewa yeye na waliomfundisha: kuume *pa-pa*, kushoto *ma-man*, baba na mama.

"Papa-maman, papa-maman!" nilimsikia akifoka. "Kama mudomo haiseme, mukono haitajua!"

Wale vijana, Bisimwa aliniambia baadaye, waliyasema chinichini, haraka, kama mtu anayehesabu. Lakini mimi nilikuwa nyuma ya ua. Sikuona midomo yao, nilimsikia Chef peke yake, naye alikuwa anafoka. Nikadhani maneno yale lazima yaitwe kwa sauti, kila moja wazi, kama mtu anayeita watu. Nani angenisahihisha?

Tena wenzangu walifanyia mazoezi juu ya kipande cha tairi kilichopigiliwa ubaoni. Nilijaribu. Tairi linameza makosa, na mimi nilitaka kuyasikia yote. Ndani ya nyumba yetu kulikuwa na kitu kimoja tu kilicholia vizuri kama tambour: sanduku la bati la baba yangu.

Baba alikuwa dereva wa lori, barabara ya Kamanyola hadi Uvira. Nilikuwa na miaka kumi lori lake lilipopinduka mlimani. Wenzake walimzika Luvungi siku ileile, kwa sababu ya joto la kule bondeni, na habari ilipotufikia alikuwa tayari chini ya udongo. Walituambia walimvika vizuri, suti na kravati. Mama hakuuona mwili. Alicholetewa ni sanduku, naye akaliweka chini ya dirisha, akalitandikia kitambaa, hakulifungua hata siku moja.

Sasa fikiri mwenyewe. Siku tisa mfululizo, mama akiwa sokoni anauza unga, nilikunja kitambaa, nikapiga magoti mbele ya sanduku la marehemu, nikaligonga kama mtu agongavyo mlango, nikaita kwa sauti yote: Papa! Maman! Papa! Maman! Nikikosea pigo moja, nilianza upya. Niamini, kwangu ilikuwa hesabu ya mikono tu. Baba hakunijia akilini.

Siku ya kumi mvumo ulikuja. Ghafla mikono ikawa mkono mmoja, nikasikia ule mlio niliouota. Nikasimamisha vijiti ili niufurahie ukimya. Na katika ukimya ule, nyuma ya mvua, mlio uliendelea.

Mapigo mawili. Kisha nafasi ya mapigo mawili, tupu. Kisha mawili tena. *Pa-pa*, na kimya mahali pa *maman*. *Pa-pa*, na kimya. Ulitoka mlangoni.

Bisimwa, niliwaza, amekuja kunicheka. Nikafungua.

Alikuwa mwanaume mtu mzima, amesimama hatua moja kutoka kizingiti, mikono imelala ubavuni. Kitu cha kwanza nilichoona ni kravati. Miaka ile nani alithubutu kuvaa kravati Bukavu? Wakubwa walikuwa na abacost zao, zile suti za serikali zisizo na kravati, na mwenye kravati alikuwa anajitafutia matatizo. Kitu cha pili ni vumbi. Mvua ilikuwa inamwagika juu yake, maji yakimpita mabegani, na suti yake ilikuwa kavu, ina vumbi jeupe la bondeni. Uso niliutazama mwisho. Nilikuwa na miaka saba bila kuuona. Ungekuwa wewe, ungeuamini?

"Uliniita," akasema.

Hapa ndipo nilipoharibu kila kitu. Wewe unajua jinsi tulivyolelewa: mtu mzima yeyote aliyesimama mlangoni kwako, hata kama ni muuza makaa, unamjibu kwa heshima. Mdomo wangu ukajibu kabla yangu.

"Hapana, papa."

Akatabasamu. Meno yake yalikuwa na vumbi pia.

"Ndiyo ile neno uliniita. Papa." Kisha akaniita kwa jina langu la ubatizo.

Jina lile lilikuwa halijatamkwa miaka mingi. Serikali ilikuwa imetukataza majina ya kizungu, kila mtu akachukua jina la mababu, na kwetu jirani na jirani waliyasahau ya zamani kwa hofu na kwa mazoea. Baba alikufa kabla ya amri ile. Aliyesimama mbele yangu hakujua jina ninaloitwa leo.

"Uliita na maman," akasema. "Siku tisa uko unatuita sisi wote wawili. Miye nimekwisha kufika. Yeye iko wapi? Nimekuja kumukamata twende pamoya, njia iko mulefu." Kisha akataja jina la ubatizo la mama yangu.

Sitaliandika hapa. Utanielewa.

Kichwa changu, sijui kwa nini, kilikuwa safi. Nikaona njia moja tu, nyembamba kama uzi.

"Hapa hakuna mutu wa jina ile."

"Haiko?"

"Haiko. Hata mu avenue yote haiko."

Na haukuwa uongo! Uliza karatasi yoyote ya mji huu: jina lile lilikuwa limefutwa na amri. Akatazama mlango, akatazama dirisha, akalitazama sanduku nyuma yangu kwa muda mrefu, kama mtu anayetambua mzigo wake katika nyumba ya watu wengine.

"Basi nitauliza mbele," akasema, akageuka, akaanza kushuka njia.

Na chini kabisa ya njia ileile, mama alikuwa anapanda.

Beseni kichwani, nailoni ya mvua imemfunika hadi puani, anatazama miguu yake asiteleze. Nilitaka kupiga kelele. Lakini nipige kelele nikisema nini? Neno pekee nililokuwa nalo la kumwita lilikuwa lile, *maman*. Niliweka kiganja mdomoni, nikakiuma. Nina alama yake hadi leo.

Walikutana pale penye mtaro. Yule mtu alisimama. Akainama kidogo, ili aone chini ya nailoni. Akafungua mdomo.

"Maman Nabintu, ee! Kimbia, mvua itakula bunga!" jirani wa chini alipiga kelele kutoka barazani kwake, akicheka.

"Niache, mama, hata miye nimekwisha kuwa bugali!" mama akajibu, akicheka pia.

Nabintu. Jina lake jipya. Yule mtu alilisikia, akafunga mdomo, akasogea kando kwa adabu ampishe mwanamke wa watu.

Mama alipoingia alitua beseni, akasimama katikati ya nyumba, akanusa.

"Nani alitoka hapa?"

"Hakuna."

"Inanuka mazout," akasema polepole. Mafuta ya lori. Akalifuata sanduku, akakirudisha kitambaa nilichokikunja, akakinyoosha kwa viganja vyote viwili. Hakuniuliza tena.

Wiki iliyofuata Chef alikubali kunijaribu, Bisimwa mwenyewe alikuwa ameniombea. Nilivishwa tambour ya kweli. Mkono wa kuume ulipiga mara mbili, vizuri kabisa. Wa kushoto ulibaki hewani.

"Na maman?" Chef akauliza. "Weye, maman iko wapi?"

Fanfare nzima iliangua kicheko. Nilivua mkanda, nikaweka ngoma chini, nikaondoka bila kuaga. Sijagusa vijiti tena. Bisimwa anaamini nilishikwa na woga wa mtihani, nami namwacha aamini.

Kibaya zaidi kiko nyumbani. Mwito ule umebaki nusu, na mimi sithubutu kuumaliza: tangu siku ile sijamwita mama yangu *maman*. Namwita citoyenne, mwananchi, kama karani wa ofisi ya zone. Mwanzoni alicheka sana. Juzi hakucheka. Alikuwa anapepeta unga, akasema bila kuinua uso: "Mutoto yangu, nilikukosea nini?"

Ningeweza kumweleza, lakini namjua. Hakuwahi kuuona mwili. Tangu alasiri ile ya mazout, akirudi mapema kutoka sokoni, mlango haufungi. Anauacha wazi kidogo na kukaa akiutazama. Nikimweleza hataogopa. Atavaa kitenge chake kizuri na kutoka kumtafuta.

Naye yule mtu alisema atauliza mbele, kwa hiyo nakuomba. Kama unajifunza tambour, hesabu moja, mbili, tatu, nne, hata Chef akufokee. Na ukisikia mapigo mawili mlangoni wakati wa mvua, ukafungua, ukakuta mtu mkavu mwenye kravati, mwite citoyen. Heshima iweke kando siku hiyo, usimwite papa. Akikutajia mwanamke kwa jina la ubatizo, hata kama unamjua, hata kama yule mtu anaonekana amechoka na anatia huruma, mwambie hapa haiko.